Fremu ya Mbele

Turubai lilikuwa limebaki moja, na watu walioling'ang'ania walikuwa wawili.

"Kaka, samahani, hili nimeshalichukua."

"Dada, mimi nililiona tangu niko kule kona ya Narung'ombe."

"Kuona si kununua. Ingekuwa watu wananunua kwa macho, Kariakoo nzima ingekuwa yako."

Muuza maturubai akapiga makofi. "Jamani, mtanichania mzigo! Mkitaka kujifunika wote wawili nendeni mkaoane, ila mnilipe kabla ya ndoa."

Wapita njia wakacheka. Wingu zito la masika lilikuwa limeshuka juu ya Mtaa wa Kongo, na machinga walikuwa wanakunja nguo zao mbiombio huku spika zikiendelea kutangaza bei kama kwamba mvua ni habari za watu wengine. Anfal alilivuta turubai kwake. Alikuwa amevaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau uliomlegea kichwani kwa purukushani, na raba nyeupe zilizokuwa zimekwisha kwa tope. Kijana aliyemshindania alikuwa mrefu, mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, lakini jinzi yake ilikuwa na vumbi la mbao magotini, na kwenye mfuko wa shati zilichomoza penseli nene na bisibisi.

"Paa linavuja?" aliuliza kijana.

"Linavuja."

"Katikati ya bati, au pale ukuta unapokutana na paa?"

"Wewe fundi au polisi?"

"Fundi. Na nakwambia ukweli, turubai halitakusaidia. Hili linazuia maji ya leo. Ya jana yameshaingia kwenye mbao."

Uso wa Anfal ukabadilika. Tabasamu lililokuwa linachungulia likarudi ndani na mlango ukafungwa. Kila fundi aliyewahi kusimama mbele ya nyumba yao alianza hivyohivyo.

"Asante kwa ushauri," alisema, akamlipa muuzaji.

Mvua ikashuka papo hapo, bila hata kupiga hodi. Anfal alilikunjua turubai akajifunika, na baada ya kumtazama yule kijana akilowa na shati lake la pasi, alinyanyua upande mmoja bila kusema neno. Kijana akaingia.

"Naitwa Talha."

"Sijauliza."

"Najua. Nimejibu mapema, usije ukahangaika baadaye."

Anfal aligeuka upande wa pili ili asimwone anacheka. Mvua ilipopungua, namba ya simu ilikuwa imeshaingia kwenye simu yake kwa jina la Fundi Turubai.

*

Nyumba yao ilikuwa ya chini, ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na uani nyuma. Kuta zake zilikuwa za zamani: boriti za mkoko zimesimamishwa kama mifupa, udongo na mawe yakajaziwa katikati, kisha lipu juu. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa. Nyumba za aina hiyo Kariakoo zilikuwa zimebaki za kuhesabika, na kila asubuhi mtu angeweza kuamka akute ile ya jirani imezungushiwa mabati, na nyuma ya mabati kuna shimo.

Baba yake Anfal alipofariki, ukoo ulikaa siku ya arobaini ukakubaliana: mjane, Bi Sabaha, na binti yake wataishi humo maadamu nyumba inakalika. Siku isipokalika, itauzwa na kila mrithi atachukua chake. Ami Zayed, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeliweka lile neno, "inakalika." Wakati ule lilionekana neno la huruma. Kisha ghorofa la kushoto likamalizika, bomba lake la maji ya mvua likaelekezwa juu ya bati lao, na kuta zikaanza kutoa madoa ya kahawia kama ramani. Tangu hapo Ami Zayed hakuingia bila kuitazama dari kwanza, ndipo awatazame watu.

Ndiyo maana Anfal hakumwamini fundi yeyote. Watu walisimama nje wakajifanya wanaongea na simu, kumbe wanapima upana wa nyumba kwa hatua. Mwanamke mmoja aliomba maji ya kunywa, akauliza hati iko kwa jina la nani kabla hajarudisha kikombe.

Lakini doa lililokuwa juu ya mlango wa mbele liliendelea kukua. Mwisho Anfal alipiga simu.

"Fundi Turubai?"

"Nilijua utapiga."

"Ulijuaje?"

"Mvua imenyesha jana. Nilikuwa naiombea."

"Unaombea nyumba yetu ilowe?"

"Naombea unipigie. Nyumba iliniponyoka tu."

*

Talha alikuja na ngazi begani. "Shikamoo, Mama," alisema, akavua viatu mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Magomeni, Mama. Baba yangu alikuwa seremala, Mungu amrehemu."

Bi Sabaha, mwanamke mnene aliyejifunga kanga mbili hata joto likizidi, alimkagua kuanzia unyayo. "Wenzio wamekuja hapa wakagonga ukuta kama wanagonga nazi, wakasema yote imeoza. Na wewe utagonga?"

"Mimi sigongi, Mama. Mimi nabonyeza."

Alikwangua lipu kidogo chini ya ukuta wa chumba cha nyuma, boriti ikaonekana, nyeusi kwa unyevu. Anfal akasogea karibu. Talha akampa bisibisi.

"Bonyeza wewe."

"Mimi?"

"Nikibonyeza mimi utasema nina mkono mzito."

Anfal alibonyeza. Ncha iliingia kidogo, ikagoma. Alisukuma kwa mwili mzima, ikagoma.

"Umeona? Rangi inatisha, lakini mbao ni nzima. Mbao iliyolowa inakukatalia. Iliyooza inakukaribisha ndani. Hii ikipata hewa na yale maji ya jirani yakielekezwa kwingine, inakauka na kuendelea na kazi yake. Kwanza maji, ndipo mbao. Ukibadilisha mbao ukaacha maji, umenunua ugonjwa uleule."

Kwa mara ya kwanza fundi alikuwa amesema kuna kitu kizima ndani ya nyumba ile. Bi Sabaha akaenda jikoni kupika chai ya tangawizi, jambo ambalo hakuwafanyia wale wengine.

Wakazunguka chumba kwa chumba. Boriti za nyuma nzima, za katikati nzima. Na kila walipoinama pamoja kwenye boriti, Anfal alisikia harufu ya sabuni na mbao mbichi, akajikuta anauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa ameshayapata.

Siku zilizofuata simu hazikupumzika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula vumbi."

"Vumbi lina chumvi?"

"Halina. Ndiyo maana nataka nije hapo kwenu kwenye pilau."

"Pilau ni ya wageni. Wewe fundi."

"Mpaka lini mimi fundi?"

Anfal alicheka chini ya shuka, lakini baadaye akili ilimgeukia kama inavyowageukia watu waliozoea kuviziwa. Mbona mpole hivi? Mbona hajasema hata siku moja tuhame? Au ndiyo mbinu mpya?

Kisha Talha akafungua ukuta wa mbele. Alipanda ngazi, akatoa lipu juu ya mlango, pale inapolala boriti ndefu iliyobeba paa lote la upande wa barabara. Alikaa kule juu muda mrefu, mgongo umewageukia. Alipotelemka hakuwa na mzaha.

"Vipi?" aliuliza Anfal.

"Nitakwambia."

"Niambie sasa."

"Nitakwambia, Anfal. Nipe nafasi kidogo." Akachukua futi, akapima upana wa mlango, akapima na kuta za pembeni yake, kushoto na kulia, akauliza, "Hati ya nyumba hii iko kwa jina la nani? Nisije nikabomoa ukuta bila ruhusa ya mwenyewe."

Swali lile Anfal alikuwa amelisikia kwa yule mwanamke wa kikombe cha maji.

*

Alasiri moja alikuwa anarudi kutoka duka la madera la rafiki yake Dalia, alikokuwa anauza. Talha alikuwa ameketi barazani kwao, anamsubiri, mgongo umeelekea mtaani, simu sikioni. Anfal alinyata ili amzibe macho kwa nyuma. Mikono ikabaki hewani.

"Fremu ya mbele ni yangu, Uledi, usimpe mtu," alikuwa anasema. "Za nyuma wape hao wengine. Eeh. Wakishabomoa tu nipigie, nitakuja siku hiyohiyo. Nani? Bi mkubwa hajui. Na binti yake ndiyo asijue kabisa, nitakosa yote."

Anfal alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kona, kisha akageuza njia kurudi dukani kwa Dalia.

Kariakoo, fremu ni duka. Watu wamenuniana miaka kwa ajili ya fremu, ndugu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya fremu, na fremu ya mbele, ile inayotazama barabara, hiyo watu huipigania kabla hata jengo halijachimbiwa msingi. Kwao nyumbani neno hilo halikuwa na maana nyingine. Mbao zinazoshika mlango Bi Sabaha aliziita miimo, kama mama yake alivyoziita.

"Shoga yangu, umepigwa," alisema Dalia, huku anakunja madera kwa hasira kana kwamba yamekosea. "Hiyo ndiyo picha nzima. Nyumba inabomolewa, ghorofa linapanda, yeye kashaahidiwa fremu ya mbele. Na mdomo wake wa asali ndiyo kazi aliyopewa."

"Lakini alisema mbao za nyuma ni nzima."

"Angesemaje? Aliyekuja akasema zote zimeoza mlimfukuza. Huyu kajifunza."

Usiku ule simu iliita. Anfal aliitazama ikiita jina la Fundi Turubai mpaka ikachoka. Ujumbe ukafuata: *Nimekosa nini?* Akamzuia asiweze kumpigia tena.

Kesho yake Ami Zayed alikuja, kanzu nyeupe kama karatasi, harufu ya udi ikimtangulia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalikuwa darini. "Shemeji, mimi silali. Nyumba hii itawaangukia. Kule Chanika kuna nyumba nzuri, bati jipya, hewa. Fundi wangu amesema yote imeoza."

"Fundi wako aligonga tu kwa nje," alisema Bi Sabaha.

"Basi muulizeni kijana wenu. Nilimkuta hapo nje juzi, nikamuuliza, boriti ya mbele ikoje? Akainamisha kichwa. Mtu akiinamisha kichwa ameshajibu." Akainuka, akaikung'uta kanzu. "Ijumaa tukae kikao. Kama haikaliki, makubaliano tunayajua."

Mama na binti walibaki ukumbini. Kutoka mtaani kengele ya muuza aiskrimu ilipita, ikaenda zake.

"Mwanangu," alisema Bi Sabaha, "yule kijana mbona haji?"

"Ana kazi nyingi, Mama."

"Umemfukuza?"

Anfal akainuka, akaenda chumbani.

*

Asubuhi, mama yake akiwa uani anafua, Anfal alichukua bisibisi ya marehemu baba yake na kuanza nyuma. Boriti ya kwanza ikamkatalia. Ya pili ikamkatalia. Alizunguka kuta zote zilizofunguliwa, anasukuma mpaka kiganja kikawa chekundu, na kila moja ilimkatalia. Fundi wa Ami alikuwa amesema uongo, hilo sasa alilijua kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akaegesha ngazi aliyoiacha Talha kwenye mlango wa mbele, akapanda, akaibonyeza ile boriti ndefu.

Bisibisi ikaingia kama inaingia kwenye keki. Iliingia mpaka kwenye mpini. Alipoivuta, ikatoka na makombo ya kahawia yaliyomwagika juu ya mtandio wake. Akajaribu miimo ya mlango; nayo ikamkaribisha.

Alikaa juu ya ngazi, machozi yakimtoka. Fundi mmoja alikuwa amedanganya, na mwingine alikuwa amenyamaza. Hakujua lipi linamuuma zaidi. Lakini yule wa kudanganya yeye hakumpenda, kwa hiyo hakuwa na la kumuuliza. Huyu wa kunyamaza alikuwa na la kumuuliza.

Alifunga baibui, akaenda Magomeni, akiulizia njiani nyumba ya marehemu seremala.

Nyumbani kwa akina Talha mama mmoja aliyekuwa anachambua mchicha alimwelekeza: shuka, kata kushoto, kuna nyumba inabomolewa, utawasikia. Aliwasikia kweli. Nyundo, vumbi, bati zimelundikwa, na Talha na mwanamume mwingine mfupi wakihangaika na nondo na mapande ya mbao katikati ya kifusi.

"Anfal?" Uso wa Talha ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yalibaki ya mtu. "Umejuaje niko hapa?"

"Nina swali moja. Utauza nini?"

"Niuze nini wapi?"

"Kwenye fremu yako ya mbele. Nilikusikia barazani, Talha. 'Wakishabomoa nipigie.' Nyumba ya baba yangu ibomolewe, wewe upate fremu ya mbele. Nataka kujua tu, utauza vitenge, au simu?"

Yule mfupi, ambaye ndiye Uledi mwenyewe, alitazama huku, akatazama kule, kisha akaangua kicheko mpaka akaweka nyundo chini.

"Dada," alisema, "fremu ya mbele hiyo hapo. Umeikanyaga."

Anfal akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya ubao mzito uliozikwa nusu kwenye mchanga: miimo miwili na kichwa chake, mvule wa zamani, mwekundu ndani ya mikwaruzo, misumari ya kizamani bado imo. Mlango wa mbele wa nyumba iliyobomolewa.

Akashuka kutoka juu yake taratibu, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa msikiti na viatu.

Talha hakucheka. Hilo ndilo lililomuumiza Anfal.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema kijana, "ulikuwa unanihesabu miongoni mwa wale."

"Ulisema nisijue."

"Kwa sababu sijaposa! Mama yako angepokeaje mlango kutoka kwa kijana tu? Kwa jina gani? Nilitaka wazee waje, waseme neno lao, na hii iwe mzigo wetu wa posa."

"Watu wanaleta mkaja wa mama na mashuka. Wewe unaleta mlango?"

"Nyumba yenu haina shida ya mashuka."

Uledi akakohoa, akagundua ghafla kwamba ana kazi upande wa pili wa kifusi.

"Na ile boriti?" Sauti ya Anfal ilishuka. "Ulipanda ngazi, ukaiona. Kwa nini hukuniambia?"

Talha alijifuta uso kwa mkono, akazidi kujipaka vumbi. "Kila aliyewaambia kuna kilichooza alikuwa anataka mtoke. Nilivyoshuka kwenye ile ngazi nikajiona na mimi naanza kuongea kwa sauti ya Ami yako. Niliogopa. Nikasema nitafute kwanza njia ya kuitengeneza bila ninyi kutoka, ndipo niseme. Nilikosea, najua. Lakini usiniamini kwa maneno. Nenda kaibonyeze mwenyewe."

"Nimeshaibonyeza. Imeingia mpaka kwenye mpini."

Talha akaliweka chini pande la mbao alilolishika.

"Ningekuamini, Talha," alisema Anfal. "Ungesema imeoza, ningelia, ningekununia, lakini ningekuamini. Uliponyamaza, nikaujaza ukimya wako kwa wezi wote ninaowajua. Hilo ni kosa langu. Nisamehe."

"Leo siwezi."

"Kesho?"

"Kesho nitaona."

Anfal alikunja mikono ya baibui. Guta la matairi matatu lilikuwa limesimama barabarani likisubiri mzigo. Aliinama, akashika kichwa cha ile fremu.

"Basi wakati unaona, shika huko."

"Ni nzito hii."

"Nimekwambia shika."

Waliibeba pamoja mpaka kwenye guta. Njiani walipumzika mara kadhaa, na kila walipopumzika Talha alimweleza kipande: maji ya jirani kwanza, bomba lielekezwe kwenye mfereji wa barabarani, nyuma na katikati hakuna kubadilisha kitu, mbele, boriti na miimo, hapo hakuna ubishi, vitoke. Paa litaegemezwa kwa magogo kutoka ndani, boriti mpya iingie kipande kwa kipande, na watu waendelee kulala vyumba vya nyuma.

"Na paa halitatuangukia?"

"Likiwaangukia litanikuta na mimi. Nitakuwa chini yake kutwa."

*

Kikao cha Ijumaa hakikuwa kirefu. Ami Zayed alikuja na fundi wake. Anfal alimpokea kwa heshima zote, akamtilia chai, kisha akamwekea bisibisi mkononi.

"Ami, nakuomba ubonyeze."

"Mimi si fundi, mwanangu."

"Hata mimi si fundi."

Alimpeleka chumba cha nyuma. Ami Zayed akabonyeza kwa adabu, kisha kwa nguvu, kisha akampa fundi wake. Fundi alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Boriti haikuwa na habari naye.

"Sasa mbele," alisema Anfal, akijua kwamba hapa ndipo alipokuwa anampa adui silaha kwa mkono wake. "Hii ya mbele imeoza, Ami. Hatufichi. Itatoka, na itaingia nyingine."

Ami Zayed alipanda ngazi, akabonyeza, akashuka na bisibisi mkononi, makombo ya kahawia kwenye kanzu. Ilikuwa vigumu kujua kama amefurahi au amekasirika. Pengine hata yeye hakujua.

"Mtatengeneza mkiwa humu humu?" aliuliza mwishowe.

"Humu humu," alisema Bi Sabaha.

"Haya. Lakini, shemeji, siku mkilala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja, mimi nitajua haikaliki."

"Utanikuta," alisema Bi Sabaha. "Karibu wakati wowote. Hata alfajiri."

Na alikuja kweli. Alipita asubuhi akienda dukani, akapita jioni akirudi, hasemi kitu, anaangalia tu. Magogo yalisimama ukumbini kama walinzi. Bomba la jirani liligeuzwa baada ya Bi Sabaha kwenda kukaa ofisini kwa wenye ghorofa kutwa nzima bila kuinuka. Boriti ya zamani ilitoka kwa vipande, vingine vikipukutika mikononi, na mpya ikapanda. Siku mlango ulipong'olewa, nyumba ikabaki wazi mbele, shimo tupu kati ya baraza na ukumbi. Bi Sabaha akaleta kiti chake cha plastiki akakiweka katikati ya lile shimo, akakaa akiwatazama wapita njia wa Kariakoo, wengine wakimsalimia, wengine wakisimama kuuliza kama nyumba inauzwa.

"Inakarabatiwa," aliwajibu. "Piteni salama."

Talha na Anfal walikuwa nyuma yake wanasimamisha ile fremu ya mvule. Talha alikuwa ameisafisha mpaka wekundu wake ukatoka wote. Anfal alishika pima maji ubavuni mwa mwimo, jicho kwenye kile kiputo cha hewa.

"Kulia kidogo. Hapana, umezidisha. Wewe vipi?"

"Akili yangu haipo hapa."

"Kwa nini?"

Talha alikigeukia kiti cha plastiki. Akasema kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyokusudia, "Mama."

"Naam, mwanangu," alisema Bi Sabaha bila kugeuka.

"Wazee wangu wanaomba kuja kuwaona. Ijumaa, baada ya swala. Wana... wana neno."

Nyundo za mtaa mzima zilikuwa zinalia. Anfal aliganda na pima maji mkononi. Kiputo kilikimbilia upande mmoja wala hakukiona.

Bi Sabaha aligeuka kwenye kiti, polepole, akamtazama kijana yule aliyelowa jasho, kisha akamtazama binti yake, ambaye mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani naye hajui.

"Neno la nini?"

"Mama, unajua."

"Najua. Nataka nilisikie."

"La kumposa Anfal."

"Na watapitia wapi hao wazee? Mlango haupo."

"Kama haujakwisha wanaweza kuzunguka uani, Mama, hawatajali."

"Wao hawatajali!" Bi Sabaha alisimama, kanga zikifunguka na kufungwa tena. "Wazee wa watu waje kumposa mwanangu wa pekee, wazunguke uani kama wauza mkaa? Mtaa mzima unatazama! Hapana. Maliza mlango kwanza, ndipo uniletee wazee."

Akakaa tena, akawageuzia mgongo, na mgongo ule ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Talha alimtazama Anfal. "Na wewe unasemaje?"

Anfal alirudisha pima maji kwenye mwimo, akakitazama kiputo mpaka kikatulia katikati.

"Umemsikia Mama," alisema. "Gonga."